Mwenyekiti wa Dimbwi

Yakhe, mie nna suali moja tu. Nani kawaambia wakubwa kwamba mtu akishazaa basi hana tena kazi? Huku kwetu Zanzibar kikao cha shehia, yaani mtaa wenye sheha wake, na wazee wenye watoto skuli kinaitishwa Jumatano, saa 4 asubuhi. Saa hiyo mie nshakalia cherehani, kondakta yuko njiani anagombana na abiria wake, mvuvi ndo kwanza usingizi umemchukua. Aliye huru saa 4 ni sheha mwenyewe, mkubwa wa serikali hapo mtaani, na mzee mmoja mstaafu ambaye hakosi kikao hata cha mtaa usiomuhusu.

Na tangazo lenyewe! Gari la kipaza sauti limepita magharibi, adhana imeshika kila pembe. Nilichosikia mie ni "mnaombwa... bila ya kukosa... ahsanteni." Mke wangu kasikia chanjo. Jirani kasikia maji yanakatwa, akajaza hadi masufuria.

Nikenda. Tukakalishwa kwenye madawati ya darasa la kwanza, magoti yakanifika kidevuni. Bi mkubwa mmoja, mwenye mwili wake mashallah, aliingia kwenye dawati bila tabu. Kutoka ndiko kulikokuwa na kazi, lakini hilo halikuwemo kwenye ajenda.

Ajenda ilikuwa dimbwi. Mbele ya geti la skuli pana dimbwi, na masika likijaa watoto huvua viatu wakavuka na mikoba kichwani. Gari mbili za kifusi, basi, hadithi imekwisha. Kumbe sivyo, dimbwi lina wenyewe! Mwalimu mkuu kasema liko nje ya ukuta, si la skuli. Ofisa wa baraza kasema liko kwenye eneo la barabara, na barabara ina watu wake. Mtu wa barabara kasema maji yale yanatoka mtaroni, na mtaro ni wa baraza. Ofisa wa baraza akafungua faili, akatusomea Sheria Namba 7 ya mwaka 2014, ile ya serikali za mitaa, kwa sauti ya khatibu juu ya mimbari. Nilisikiliza kwa makini. Dimbwi halimo.

Mstaafu akasimama: "Si mlitwambia ugatuzi nyinyi? Mwaka 2017 mlisema skuli za maandalizi na za msingi zinashushwa kwenye mabaraza, mambo yatamalizwa huku huku chini!" Akajibiwa kwamba ugatuzi ni mchakato. Mie neno hilo nikilisikia huanza kutafuta kofia yangu. Sheha akasema suala atalifikisha wilayani. Sheha wetu, Mungu ampe umri, hufikisha kila kitu, kurudi ndo hakurudi kitu. Na yeye hatukumchagua sisi, huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, kwa hivyo hata ukinuna, kura ya kumnunia huna. Wa kura ni diwani, naye katuma salamu.

Hapo mie nshapandwa, kwa sababu dimbwi lile linaishia nyumbani kwangu. Skuli ina mikondo miwili. Mwanangu wa kiume anaingia asubuhi, dada yake mchana, na mkoba ni mmoja, hupokezana mlangoni. Mama yao anapika mara mbili na kufua mara mbili. Saa 6 na nusu kwangu ni kama bandarini Malindi boti ya Dar ikishusha: huyu anatoka, yule anaingia, kila mtu anadai chake. Mkoba ukirudi na matope ya asubuhi, binti huapa haendi mtu skuli leo. Elimu bila malipo ilitangazwa tarehe 23 Septemba 1964, tunaijua, na karo silipi, sikatai. Lakini sabuni, yakhe? Sabuni ilisahauliwa.

Nikasimama nikayasema hayo yote. Makofi nikapata. Ndipo yule bi mkubwa, kutoka dawatini kwake, akauliza: "Huyu si ndiye fundi anayeshona sare za skuli? Dimbwi likifukiwa, yeye atakula wapi?"

Darasa zima kicheko, mpaka sheha. Enhe! Ikawa dimbwi langu mie. Watu waliokuwa wakisukumiana tokea asubuhi wamepatana ghafla, wote wananitazama, na ofisa wa baraza kainama anaandika. Anaandika nini?

Nikatoka kupokea simu ya mteja. Kurudi, karatasi ya mahudhurio ishazunguka, picha ya pamoja ishapigwa, maji ya chupa yamekwisha, na pameundwa kamati ndogo ya kufuatilia dimbwi. Mwenyekiti mie. "Hukuwepo kukataa," akanambia sheha, "tukahesabu umeridhia." Katibu ni bi mkubwa, ambaye wakati huo vijana wawili wanamtoa dawatini. Tupime upana na kina, kisha tuandike barua kwa skuli, kwa baraza na kwa watu wa barabara. Nikauliza, kipimo nakipata wapi?

"We fundi, utepe si unao?"

Nimefika nyumbani, mama watoto kanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza posho ngapi. Nikamwambia hakuna.

"Basi utepe uliopimia matope," akasema, "usije ukanipima nao gauni la sikukuu."