Kuku Hafi, Anawahiwa

Mtaani kwetu huku Uyole, Mbeya, ukitangaza kwamba kuku wameingiwa na ugonjwa unaoua watu, hakuna anayeuliza dalili. Wanauliza, "Kwa hiyo sasa hivi wanauzwaje?"

Nimesikia kwa masikio yangu. Redio ya fundi viatu ilikuwa inaeleza habari za mafua ya ndege, sauti ya taratibu, ya mtaalamu aliyesoma, na kijiwe kizima kikanyamaza. Nikajua leo watu wameshtuka. Kumbe walikuwa wanapiga hesabu. Mmoja akasema bei ikishuka atachukua wanne. Mwenzake akamshauri asiwe na pupa, asubiri kwanza afe mtu, itashuka zaidi.

Ndio watu ninaoishi nao hao.

Nikajaribu kuwaeleza. Mimi si daktari, lakini redio naisikiliza mpaka mwisho, sibadilishi stesheni kutafuta mpira. Nikawaambia jamani, hiki si kitu cha jana. Mwaka 1997 huko Hong Kong kirusi chake kikali, H5N1, kiliwapata watu 18, wakafa 6, na serikali ikaua kuku wote wa mji ule, zaidi ya milioni moja. Kimya kikatanda, nikaona yamewaingia. Mzee mmoja mwenye koti la mtumba akatikisa kichwa kwa uchungu, akasema, "Milioni moja. Na hawakula hata mmoja?"

Basi nikawasogezea karibu. Nikawatajia Nigeria, Februari 2006, shamba la kuku kule Kaduna, mara ya kwanza H5N1 kuthibitishwa Afrika. Wakasema Nigeria ni mbali, hata nauli ya huko hawaijui. Nikawauliza, ndege anakata tiketi? Nikawapa ya Uganda, Januari 2017, ndege wa porini kukutwa wamekufa pembeni ya Ziwa Victoria karibu na Entebbe. Wakanijibu kwamba Mbeya haina Ziwa Victoria. Ni kweli haina, lakini tuna Usangu, tuna Ihefu, tuna mashamba ya mpunga ya Mbarali, na bata maji wanashuka huko makundi kwa makundi. Nikaishia hapo, kwa sababu kijana mmoja wa bodaboda alishaanza kuuliza wanashuka upande gani na saa ngapi.

Halafu kuna hawa wanaotegemea baridi. "Kijidudu gani kitaivumilia Uyole ya mwezi wa saba?" Mimi ambaye asubuhi naoga huku nakimbia naelewa mawazo hayo yanatoka wapi. Ila mambo yako kinyume. Kirusi hiki baridi ndiyo raha yake. Kwenye kinyesi chenye unyevu au maji ya baridi kinakaa hata wiki kadhaa. Kinachokimaliza ni moto, nyama iive mpaka ndani ifike nyuzi 70. Hapo wakanidaka. "Si unaona! Sisi tunachemsha!"

Wanachemsha, sikatai. Kuku wa kienyeji wa huku anaingia chunguni mchana anatoka jioni, na bado anagombana na meno. Hakuna kirusi kitakachotoka mle kikiwa hai. Lakini huyo kuku kabla ya chungu kuna mtu alimkamata, akamchinja, akamtumbukiza kwenye maji ya moto, akamnyonyoa na kumpasua utumbo. Hapo ndipo watu wanapoupata. Supu haina kesi, kesi iko kwenye beseni. Na beseni ni kazi ya nani? Watoto na mama yao. Baba yuko sebuleni, amekaa kwa heshima, anasubiri firigisi.

Sasa nije kwenye jambo linaloninyima usingizi. Huku kwetu kuku hafi kwa ugonjwa. Hapewi nafasi. Akisinzia kidogo tu pale chini ya mparachichi, akalegeza mbawa, jirani yangu anaita ndani, "Lete kisu, tumuwahi!" Kumuwahi maana yake achinjwe kabla hajafa, asije akawa kibudu. Kuna siku aliwahiwa kuku ambaye mimi nina hakika alikuwa amepumzika tu baada ya kutaga.

Sasa afisa mifugo akipita kuuliza kama kuna kuku waliokufa kwa ghafla, jirani anajibu bila kupepesa macho, "Hakuna." Na hadanganyi. Hakuna kuku aliyekufa. Ushahidi wote uko tumboni mwake, umeshushiwa na ugali. Ukitaka kuchukua sampuli upeleke maabara utachukua nini, mchuzi?

Na hata wakifa wengi kwa mpigo nani atashangaa? Kiangazi kikishika mdondo unapita, unafagia banda zima, watu wanasema "mwaka huu umekuwa mkali" na kuanza upya na tetea wa kuazima. Mdondo na mafua ya ndege kwa macho huwezi kuwatofautisha. Kusinzia ni kule kule, kuharisha kule kule, kukoroma kule kule, vifo vya ghafla vile vile, mpaka maabara iseme. Dawa ya kupunguza mkanganyiko ipo, chanjo ya mdondo, tone moja la jicho kila baada ya miezi mitatu. Mwambie mtu alipie hilo tone. Atakuangalia kama umemuomba figo. Kuku atibiwe jicho wakati yeye mwenyewe jino linamuuma tangu Pasaka?

Juzi nilikuwa kwenye kosta natoka Chimala. Pembeni yangu kakaa mama mmoja na kikapu, kuku katoa kichwa nje anaangalia mandhari. Yule kuku alikuwa anakoroma, tena kwa kuvuta. Nikasema kwa adabu, "Mama shikamoo. Samahani, huyu kuku wako ana mafua." Mama akanitazama kuanzia kiatu. "Marahaba, mwanangu. Na wewe ulivyokoroma tangu Igurusi, kuna aliyekushtaki?" Gari zima likacheka. Hata konda, ambaye alikuwa amesimama juu ya tenga la kuku wengine.

Bata sitaki hata kuwazungumzia, maana mwenye nao anasoma mitandaoni. Nitasema tu kwamba bata anaweza kukibeba kirusi na asiumwe kabisa, anakileta uwanjani kwako na kujiondokea zake kwa maringo.

Wapo wanaosema ni njama. Wa kienyeji wanasema uvumi umeletwa na wenye broila, wenye broila wanasema umeletwa na wa kienyeji. Oktoba 2017 vifaranga 6,400 waliotoka Kenya walipochomwa moto Namanga, serikali ikasema ni kuzuia magonjwa, pale kijiweni watu walihuzunika kweli. Nikadhani ni huruma kwa viumbe. Wakatoa kalamu, wakahesabu wiki mpaka wakomae, wakazidisha kwa sahani za chipsi. Mwaka 2024 nilipowaambia kwamba kule Marekani kirusi kimekutwa kwa ng'ombe wa maziwa, rafiki yangu wa Rungwe anayefuga akaniuliza taratibu, kama anaongea na mgonjwa, kama leo nimekula.

Kwa haki, kuna mmoja alinibana. Akasema tangu 2003 duniani kote watu waliothibitishwa kuugua H5N1 ni kama 900 na ushee tu, sasa hofu ya nini wakati bodaboda zipo? Hesabu yake iko sawa. Ila karibu nusu ya hao walikufa, na wataalamu wanachoogopa ni siku kirusi kitakapojifunza kutoka mtu kwenda kwa mtu kwa urahisi. Akasema kikijifunza nimpigie simu.

Basi mtendaji wa mtaa akaitisha mkutano, akamleta afisa mifugo. Kijana wa watu ameongea vizuri mno. Msilale na kuku ndani, akasema. Kinamama wakaangaliana. Kuku huku wanalala jikoni, kwa sababu nje kuna baridi, kuna kicheche, na kuna binadamu, na kati ya hao watatu kicheche ndiye mwenye aibu. Akasema mnawe mikono kwa sabuni, ndege aliyekufa msimshike, mkiona vifo vya ghafla toeni taarifa. Mwisho akasema ugonjwa ukithibitishwa mahali, kuku wa eneo hilo huteketezwa, na ni marufuku kuwahamisha.

Maswali yakaanza. Mzee wa koti la mtumba akasimama. "Mkija kuteketeza, mnatulipa kwa kichwa au kwa kilo? Na jogoo mnamhesabu sawa na mtetea?" Afisa akasema atalifikisha ngazi ya juu. Mzee akakaa na kumnong'oneza mwenzake kwamba hawalipi hao. Maneno hayo yalitembea benchi kwa benchi kuliko hotuba nzima. Nilipogeuka nyuma, viti vya kinamama vilikuwa vitupu.

Saa kumi na moja jioni njia panda ya Uyole hapakuwa na pa kukanyaga. Matenga juu ya kila gari, ya Tukuyu, ya Kyela, ya Chimala. Kuku wazima, kuku wanaopiga chafya, bata, wote wanakimbizwa kwa mashangazi kabla serikali haijaja kuwaua. Na hakuna hata mmoja aliyekuwa amepimwa! Yale marufuku ya kuhamisha ndiyo yaliyowakumbusha kuhamisha. Wilaya tatu zimegawiwa kuku wa mtaa mmoja kwa jioni moja. Kirusi kingekuwepo kisingehitaji hata kupiga mbawa.

Nikakimbia nyumbani kuwazuia wa kwangu. Jikoni kweupe.

"Nimewapeleka kwa wifi yangu Tukuyu, baba," mke wangu akasema, hana hata wasiwasi. "Matenga yalijaa, ikabidi jogoo alipiwe kiti. Hela nimechukua kwenye koti lako."

Mimi mtu mzima nikienda kumsalimia dada yangu huwa nasimama mpaka Kiwira. Jogoo kakaa dirishani.