Bili ya Texas, Usingizi wa Nkuhungu

Wenye ndugu Marekani mnasema mnakula raha. Wangu mimi ananinyima usingizi.

Jamaa huyu ni Mkongo. Tulijuana kambini Nyarugusu, kule Kasulu, enzi hizo nauza maharage kwenye soko la pamoja. Mwaka 2016 akapelekwa Texas. Nikajisemea, haya, bajaji yangu imepata tairi. Wapi! Akipiga simu, kwake ni jioni, ndiyo kwanza katoka kazini. Hapa Nkuhungu, Dodoma, ni saa tisa usiku. Na kabla sijaomba chochote, ananiwahi: "Kaka, wameniletea bili nyingine."

Alipofika alipewa bima ya wakimbizi, miezi minane, basi. (Na hiyo ilikuwa neema. Wanaoingia tangu Mei 2025 wanapewa minne.) Baada ya hapo, Texas kijana mzima asiye na mtoto hahesabiwi kwenye bima ya maskini. Ya kazini nayo makato yake mazito, akaiacha. Tumbo likamshika, mbio chumba cha dharura. Mkalimani wa Kiswahili akapatikana kwenye simu, bure, maana sheria inawabana. Shida ni bili: inakuja nyumbani bila mkalimani. Basi mkalimani ni mimi na Kiingereza changu cha kidato cha pili, napokea picha WhatsApp, huku mama watoto akitaka kujua ni nani huyo anayenitumia picha usiku wa manane.

Nikapiga hesabu kwa shilingi. Bajaji mpya! Kwa tumbo! Na dawa yenyewe kaambiwa anywe maji mengi, apumzike. Ushauri huo hapa mtaani anakupa jirani, na chai juu yake. Ona sasa, mtu niliyekata CHF, bima ya afya ya jamii, ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, ndiye mshauri wa bima za Marekani.

Chini kabisa, kwa herufi kama sisimizi, nikaona msamaha. Kumbe hospitali zisizo za faida kule zinalazimika kuwa na utaratibu wa kuwasaidia wasio na uwezo, na fomu wanaipokea hadi siku 240 tangu bili ya kwanza. Nikamwambia ajaze. "Sawa kaka, nisomee swali la kwanza." Tulijaza mpaka adhana ya alfajiri.

Juzi kapiga, anacheka: bili imefutwa! Nikasafisha koo. Leo tairi ninalo.

"Ila kaka," akasema, "sasa ni jino."

Nikamwambia asukutue na maji ya chumvi, nikazima simu.