Umethubutu, Ndugu Yetu

Wako watu wanaolalamika kwamba wamezungukwa na maadui, nami huwasikiliza kwa wivu, kwa sababu adui angalau hukwambia lililo moyoni mwake. Mimi nimezungukwa na watu wema. Nimo katika kikundi cha mtandaoni cha watu wapatao 40 ambao hatujawahi kuonana ana kwa ana. Kila Jumatatu asubuhi tunapewa picha moja ileile, kila mmoja anaihariri kwa namna yake na kuirudisha kabla ya Jumamosi usiku, kisha Jumapili tunapiga kura. Mshindi hapewi kitu chochote isipokuwa haki ya kuchagua picha ya wiki inayofuata, na kwa ajili ya haki hiyo, ambayo sijaipata hata mara moja, mimi sijalala vizuri kwa miezi minane.

Nilijiunga kwa sababu rafiki yangu alinihakikishia kuwa ni jambo la dakika 20 kwa wiki. Kuhariri picha kwa dakika 20 ni sawa na kujikuna upele mara moja. Unaongeza mwangaza kidogo tu, ukishauongeza unaona anga limepauka, ukilirudisha anga unaona uso wa mtu umeingia kizani, ukiuangaza uso unagundua kwamba shingo imebaki kizani peke yake kana kwamba ni ya mtu mwingine, na ikifika saa saba za usiku unajikuta ukinyoosha unyoya mmoja mmoja wa ndege aliyeko kwenye pembe ya picha, ambaye hakuna binadamu atakayemtazama.

Hayo yote ningeyavumilia. Nisichoweza kukivumilia ni adabu yao. Katika kikundi chetu hakuna picha mbaya, wala haijawahi kutokea picha mbaya, na mtu akitaka kujua kazi yake imepokelewaje inambidi ajifunze lugha ya ndani. Nimeisoma kwa miezi minane na sasa naimudu. Wakikwambia wamependa rangi, maana yake ni kwamba hawakuona kitu kingine cha kupenda. Wakisema picha inawakumbusha ndoto, hawajatambua kilichomo. "Endelea hivyo hivyo" husemwa na mtu ambaye hajaifungua. Na juu ya yote hayo, kwa kazi ambayo imeharibika kabisa, kazi ya kuzikwa usiku bila matanga, kuna neno moja tu: "Umethubutu."

Mimi nimeambiwa "umethubutu" mara 19.

Nitaeleza ya paka, kwa sababu ndiyo iliyonifumbua macho. Wiki ile Mwalimu alitupa picha ya paka aliyelala juu ya ukuta, jua likizama nyuma yake. Mwalimu ndilo jina tunalomwita mwanzilishi wa kikundi, ingawa hajawahi kumwambia mtu yeyote kwamba amekosea, jambo ambalo kwa mwalimu ni ajabu. Picha ilikuwa nzuri na yenye dosari moja: waya wa umeme ulipita nyuma ya kichwa cha paka na kugusa ncha ya sikio lake la kushoto. Nikaapa kwamba ule waya hautaiona Jumapili.

Zana ya kazi hiyo tunaiita muhuri. Unaionyesha sehemu nzuri ya picha, kisha unagonga juu ya sehemu mbaya, na pikseli za kule, yaani vile vinukta vidogo vya rangi vinavyounda picha, zinanakiliwa huku. Ubaya wake ni kwamba muhuri haujui anga ni nini wala sikio ni nini. Unanakili chochote kilicho chini ya alama ndogo ya msalaba, na alama hiyo husogea kila mkono wako unaposogea. Mkono wangu ulipofika kwenye ncha ya sikio la kushoto, msalaba ulikuwa umekwisha kupanda juu ya sikio la kulia bila kuniaga. Nami nilikuwa nimeikuza picha hadi asilimia 300, na kwa ukubwa huo hakuna tena sikio wala paka, kuna miraba ya rangi ya kahawia tu, kwa hiyo niligonga muhuri kwa furaha, nikahifadhi, nikatuma, nikaenda kulala usingizi wa mtu mwenye ushindi mkononi.

Asubuhi mke wangu alichungulia skrini huku akifunga vifungo vya shati la mtoto, akatazama kwa muda usiozidi pumzi moja, akauliza, "Mume wangu, mbona huyu paka ana masikio matatu?"

Nilimjibu kwamba yeye hana ujuzi wa sanaa. Kisha nikatazama, nikahesabu kutoka kushoto, nikahesabu tena kutoka kulia, na jibu likawa lilelile. Sikio la tatu lilisimama wima katikati ya mengine mawili, safi, lenye manyoya, na lenye mwanga wa machweo pembeni mwake. Kusema kweli ndilo lililokuwa limetokea vizuri kuliko yote.

Nilikifungua kikundi huku moyo ukinidunda, nikitarajia vicheko, nikiwa hata nimeandaa jibu la utani. Ujumbe wa kwanza ulisema, "Umethubutu, ndugu yetu." Wa pili uliusifu utulivu wa anga. Wa tatu ulitoka kwa dada mmoja mpole sana ambaye, nina hakika, hata akikanyagwa huomba radhi yeye. Aliniuliza nimetumia brashi ya aina gani kuyapa masikio uhai namna ile. Watu 39 wenye macho, ambao kazi yao ya wiki nzima ni kutafuta chembe ya vumbi kwenye picha, na hakuna hata mmoja aliyehesabu hadi tatu. Au walihesabu wote wakanyamaza, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji; mimi nilisifiwa wakati chungu changu kina maji matupu tangu mwanzo.

Nilimwandikia Mwalimu faraghani, nikamwomba aniambie ukweli kama mwanamume. Alinijibu kwa somo la historia. Aliniambia nisijione mpweke, kwa kuwa mwaka 1857, huko Uingereza, mpiga picha Oscar Rejlander aliunganisha negativu zaidi ya 30, yaani zile picha za awali ambazo giza na mwanga vimebadilishana nafasi, kuwa picha moja kubwa, wakati ambapo hapakuwa na kompyuta wala kitufe cha kutengua kosa, na watu wakamlaumu kwa udanganyifu. Akaniambia pia kwamba Februari 1982 jarida la National Geographic lilitoa jalada lenye mapiramidi ya Giza ambamo piramidi moja ilikuwa imesogezwa kwa kompyuta ili picha ya mlalo itoshee kwenye jalada la wima, na mjadala wake ukaendelea kwa miaka. Nilimshukuru. Lakini nilitaka kumwambia kwamba wale walisogeza piramidi kwa makusudi na wakajua wanachokifanya, ilhali mimi nimeotesha sikio kwa bahati mbaya, na kwamba swali langu lilikuwa fupi: je, umeliona au hukuliona? Hadi leo hajalijibu. Alimalizia barua yake kwa kusema kwamba rangi zangu zinakomaa.

Ukidhani sikio lilinifunza kitu, subiri usikie ya mtumbwi. Ilikuwa picha ya mtumbwi uliofungwa kwenye mti wakati wa alfajiri, nami nikaihariri usiku kama kawaida yangu. Kompyuta yangu ina mpango wa kuyahurumia macho ya mtu: ikifika jioni, skrini inageuka njano yenyewe, polepole, kama mtu anayeugua homa ya manjano bila kujua. Mimi nikaona picha ina njano nyingi mno. Nikaipunguza njano, nikaongeza buluu, bado ikaonekana njano, nikaongeza buluu tena, na kadiri usiku ulivyozidi kuwa usiku ndivyo skrini ilivyozidi kuwa njano na mimi nilivyozidi kupambana nayo. Asubuhi skrini iliporudi katika hali yake, mtumbwi, mti, maji na anga vyote vilikuwa buluu ya wino, na mvuvi aliyeketi ukingoni alikuwa na uso wa mtu aliyeopolewa majini siku tatu baadaye. Kikundi kilisema nimeonyesha upweke wa binadamu kwa kina kisicho cha kawaida. Mke wangu aliuliza kama familia ya marehemu imeshapewa taarifa.

Unaona tofauti. Ndani ya nyumba nina mkosoaji ambaye kila neno lake ni kweli, na mimi nambishia. Mtandaoni nina watu 39 ambao hawajanipa neno moja la kweli, na kila Jumapili nakaa macho kusubiri watasema nini.

Kuna na la matabaka, yale yanayopangwa moja juu ya jingine ndani ya faili la picha, ambalo nitalipitia haraka kwa sababu linanitia aibu. Photoshop, programu ya kuhariri picha iliyoanzishwa na ndugu wawili, Thomas na John Knoll, ilianza kuuzwa mwaka 1990, na matabaka yakaingia ndani yake mwaka 1994. Kabla ya hapo ulichobandika kilikuwa kimebandikwa, kikaungana na picha moja kwa moja kama saruji iliyokauka. Matabaka yaliletwa ili mtu aweze kufanya kosa juu ya karatasi inayoonekana upande wa pili na kulitoa bila kuigusa picha ya chini. Ni wema mkubwa kwa binadamu, nami nimeutumia vibaya. Faili langu la wiki iliyopita lilikuwa na matabaka 43, moja linaitwa "nakala ya nakala ya mwisho kabisa," jingine "mwisho kweli," na lililo juu yake linaitwa "usiguse," ambalo sikumbuki lina nini na ninaogopa kulizima. Kazi ikiisha nilikuwa naihifadhi kama JPEG, aina ya faili la picha, naifungua tena kesho yake, naongeza kidogo, nahifadhi tena juu yake. Hakuna aliyeniambia kwamba JPEG kila inapohifadhiwa upya hutupa sehemu ya picha ili faili liwe dogo. Paka yule alianza wiki akiwa na sharubu na akaimaliza akiwa hana. Kwa hesabu yangu, jumla ya viungo vyake haikubadilika sana.

Sasa ugonjwa umetoka kwenye skrini ukaingia barabarani. Siwezi kuongea na mtu aliyesimama mbele ya nguzo bila kuisogeza nguzo kichwani mwangu. Juzi katika mkutano wa kazini mkuu wetu alikuwa anatueleza mambo mazito ya mwaka ujao, nami nilikuwa nimeshayapunguza mng'ao mapaji ya uso wa watu wanne na nilikuwa naendelea na dirisha lililo nyuma yake, ambalo lilikuwa limeungua kwa mwanga kiasi kwamba, kwa kipimo cha namba 0 hadi 255 tunachokitumia, lilikuwa 255 tupu, na palipo 255 hakuna chochote cha kuokoa. Aliponiuliza maoni yangu nilisema tupunguze mwanga upande wa kushoto. Wenzangu walidhani ni fumbo kuhusu bajeti, na baadhi yao wakaitikia kwa kichwa.

Ndiyo maana wiki iliyopita niliapa kwamba nitakuwa mtu wa kwanza katika kikundi kusema kweli. Na nafasi ikaja yenyewe. Picha ya wiki ilikuwa ya mzee aliyeketi kwenye benchi la bustani, na mwanachama mpya, binti aliyejiunga siku nne tu kabla, akarudisha kazi yake ya kwanza. Alikuwa amemwondolea mzee mawingu na kumwekea jua kali upande wa kushoto. Vizuri. Kivuli cha mzee nacho kilikuwa kimelala upande wa kushoto, kikilielekea jua hilohilo kama mtu anayekwenda kulilalamikia. Nililiona kosa hilo kabla picha haijamaliza kufunguka, nikasikia utamu ambao sijausikia tangu nijiunge.

Niliandika aya tatu. Nilieleza kwamba mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka, kwamba kivuli hukimbia upande usio na taa, kwamba hata mtoto mdogo anayecheza na kivuli chake ukutani analijua hilo. Sikutukana. Niliandika kwa staha, hoja juu ya hoja, na nilipomaliza nilisoma tena nikajiona mimi ndiye mwalimu ambaye kikundi hakijawahi kumpata. Mke wangu alisoma begani kwangu akasema, "Afadhali, leo mmoja wenu ameona." Nikaweka kidole juu ya kitufe cha kutuma. Nikamwona yule binti akiketi mahali fulani, saa saba za usiku, moyo ukimdunda, amefungua kikundi kutazama watu wamesema nini.

Nikafuta aya ya tatu, kwa sababu ilikuwa kali. Nikafuta ya pili, kwa sababu bila ya tatu haikuwa na maana. Ile ya kwanza niliipunguza, nikaipunguza tena, na kilichobaki nikakituma kabla sijabadili nia: "Umethubutu, dada yetu. Kivuli kina hisia."

Mke wangu aliondoka bila kusema neno.

Jibu lilikuja katika muda usiozidi dakika moja. Binti alinishukuru sana, akasema alikuwa na wasiwasi mkubwa kuhusu vivuli, hasa kile cha pili, na amefurahi kwamba mtu mzoefu ameona vyote viwili vinakwenda vizuri. Nikaifungua tena picha, nikaikuza hadi asilimia 400, na kweli kilikuwapo cha pili, chini ya benchi, kimeelekea upande wa tatu.