Anza na Nukta, Mstari Utafuata

Koordineti zikishakokotolewa na programu nyingine, Matplotlib, maktaba ya Python ya kuchora grafu, inabaki na kazi ya kuchora tu. Haipangi wala haikagui. Inaunganisha nukta kwa mfuatano uleule ulio kwenye faili, hata kama mfuatano wenyewe ni upuuzi mtupu. Ndiyo maana naona kukimbilia mstari ni haraka isiyo na baraka. Chora nukta tupu kwanza: `plt.plot(lon, lat, '.')`.

Chukua njia ya Kituo cha Anga cha Kimataifa juu ya uso wa dunia, longitudo na latitudo zikiwa za kila sekunde 60. Mzunguko mmoja huchukua kama dakika 93, kwa hiyo tarajia nukta 93 hivi zenye umbo la wimbi. Mwinamo wa obiti ni digrii 51.6, yaani latitudo haiendi mbali zaidi ya hapo; ukiona mhimili wa wima unafika 150, umegeuza safu: latitudo imekaa mahali pa longitudo.

Nukta zikikaa sawa, ondoa hiyo `'.'`. Hapo ndipo mstari wa ajabu unapokatiza ramani nzima kutoka kulia hadi kushoto. Hesabu haina kosa. Kituo kimevuka longitudo 180, namba ikaruka kutoka 179 hadi -179, na maktaba ikaziunganisha kama ilivyoagizwa. Dawa ni kupachika NaN (alama ya "si namba") kwenye kila mruko kwa NumPy (`np`), kwa sababu mstari hukatika kwenye NaN:

`i = np.where(np.abs(np.diff(lon)) > 180)[0] + 1`
`lon = np.insert(lon, i, np.nan)`
`lat = np.insert(lat, i, np.nan)`

Tafuta `i` mara moja tu, kabla ya kugusa `lon`. Ukiitafuta upya kwa ajili ya `lat`, mruko hauonekani tena.

Namba za mhimili zikijipanga ovyo, 10 ikifuatiwa na 3, jua umechora maandishi. Moduli ya `csv` hurudisha maandishi, na Matplotlib huyachukulia kama majina ya makundi. Soma kwa `np.loadtxt('njia.txt', unpack=True)` upate namba halisi.

Halafu kuna wanaolainisha mkunjo kwa splaini, yaani mkunjo laini unaopitishwa kati ya nukta, ili upendeze. Silikubali hilo: ni kuchora mahali ambapo hakuna aliyekokotoa. Mkunjo ukiwa na kona kona, rudi kwenye programu ya hesabu, uiendeshe kwa hatua za sekunde 10.