Jamani, acheni kukimbilia composer update

Ndugu zangu mnaotengeneza tovuti, naomba tusikilizane. Composer ni programu inayoshusha vifurushi, yaani msimbo ulioandikwa na wengine, ambavyo tovuti ya PHP (lugha ya kuandikia tovuti) inavitegemea. Mkipokea mradi wa mtu, msianze na composer update. Andikeni composer install. Basi!

Juzi nipo Mwanjelwa, Mbeya, vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya Julai, mteja wangu wa pembejeo anapiga simu: "Mwanangu, tovuti imekuwa nyeupe tupu, wakulima wanauliza bei ya mbolea." Kumbe mwenzangu kapiga update kwenye kompyuta yake yenye PHP mpya, vifurushi vyote vikapanda toleo, akavipeleka hivyohivyo kwenye seva ya mteja. Seva hiyo ina PHP ya zamani. Ikagoma.

Faili la composer.lock lipo kwa sababu. Limeandika toleo kamili la kila kifurushi, na install inalifuata neno kwa neno. Update haijali: inarudi kwenye composer.json, faili lenye orodha ya vifurushi na matoleo yanayokubalika, inatafuta matoleo mapya yanayoruhusiwa, kisha inaiandika lock upya. Ni kazi ya kufanywa kwa makusudi, ukajaribu kwanza, siyo salamu ya asubuhi. Na wale mnaoificha lock isiingie Git (programu ya kutunza historia ya msimbo) kwenye tovuti ya mteja, mnanikera zaidi.

Nilirudisha lock ya zamani, nikafuta folda ya vendor ambamo vifurushi hukaa, nikaanza kushusha upya kwa bando la simu. Kifurushi kimoja, kingine, mtandao unakatika, naanza tena. Tovuti imerudi saa saba usiku, bando limekwisha, na mbolea ya watu imelala dukani siku nzima.