Mkaa Umeliwa

Kupakia chakula kwenye pikipiki ni elimu, na safari ya kwenda Kizimkazi kuvunja jungu, yaani kula na kufurahi kabla ya mfungo, Shaaban ikiwa ukingoni, mzigo tuliupanga kitaalamu. Wali wa nazi tuliukataa mapema. Ukiufunika wa moto asubuhi ukaupitisha juani, adhuhuri umeshachacha, na atakayejikaza kuula ataianza Ramadhani mgonjwa, abaki na siku za kulipa. Mchuzi nao hapana, kwa sababu sijaona kifuniko cha kuaminika mbele ya matuta. Tukachukua mchele mkavu, mayai tukayafukia humo ndani. Bizari na chumvi zikaingia kwenye vichupa vya dawa vilivyooshwa vizuri (mke wangu alivinusa kimoja kimoja). Mikate ya mofa haiogopi kubanwa, ikakaa juu. Nazi tukazibeba nzima, maana nazi ndiyo riziki pekee ambayo Mungu amekwisha kuifunga mwenyewe: maji ndani, tui ndani, na ukimaliza kula kifuu chake unakitia motoni. Chane ya ndizi mbivu ikaning'inia kwenye usukani. Samaki hatukubeba, nani abebe samaki kuwapelekea watu wa Kizimkazi?

Wenzetu waliotangulia walichukua sufuria, seredani na mbuzi ya kukunia. Mimi na shemeji tukapewa mkaa wa kundi zima, kwa sababu pikipiki yangu ina keria pana. Nilitaka kulalamika, shemeji akanizuia. Mkaa, akasema, ni mzigo wa raha: hauvuji, hauchachi, haunuki, hauliwi na panya.

"Huu hata ukiuacha njiani, yakhe, nani ataula?"

Naomba neno hilo mlihifadhi.

Tulikwenda vizuri mpaka msitu wa Jozani. Pale barabara ina matuta, yamewekwa kwa ajili ya kima punju, waliokuwa wakigongwa na magari wanapovuka. Ni mnyama wa Unguja, porini kwengine hana asili, kwa hiyo dereva unapunguza mwendo na kuvumilia. Shemeji amekaa nyuma, kalikumbatia polo la mkaa. Tuta la kwanza akasema "Bismillahi", la pili akasema jambo jengine. Ile mipira ya tyubu tuliyofungia ikalegea, polo likainama upande mmoja, na pikipiki ikaanza kwenda kwa matakwa yake.

Shangazi yake shemeji anakaa Pete, hapo hapo mbele kidogo. Tukaingia uani kwake tufunge mzigo upya. Pikipiki nikaisimamisha chini ya mti wa mkungu, kivulini, polo tukalishusha, tukapiga hodi.

Sasa, huwezi kufika kwa shangazi ukasema naomba kamba. Shikamoo, marahaba, hujambo, watoto hawajambo, mama yako goti vipi, na yule aliyekuwa anaumwa? Kafa? Inna lillahi. Karibuni chai. Tukanywa chai. Ikaja mihogo, tukala mihogo. Shemeji ndiyo kwanza anaanza kueleza habari za harusi fulani, nikasikia nje kitu kinatafunwa. Kinatafunwa kwa sauti kavu, kwa utulivu, bila wasiwasi wowote.

Nikachungulia. Polo liko wazi, na kima punju wamelizunguka, ukoo mzima, wazee kwa watoto. Migongo myekundu, nywele za kichwani zimesimama, kila mmoja kashika kipande chake cha mkaa. Ndizi mbivu ziko pale pale usukanini, hazijaguswa. Mikate haijaguswa. Jike mmoja mwenye mtoto kifuani alikuwa anachagua! Anachukua kipande, anakitazama, anakirudisha, anachukua kikubwa zaidi.

Shemeji akatoka mbio na helmeti mkononi, akipiga makelele ya kufukuzia kunguru. Wakapanda mkungu bila haraka, na kila mmoja alikumbuka kuchukua chake. Chenga zikaanza kutumwagikia vichwani.

Wakati huo huo, njiani akatokea mtembeza wageni na wageni wake. Wageni wakafurahi mno, simu zote juu. Ikawa shemeji anarukaruka chini ya mti, uso mweusi kwa vumbi la mkaa, huku jamaa anatoa somo: kima hawa wanakula majani ya miembe na mikungu, majani yale yana sumu inayosumbua tumbo, na mkaa unaifyonza. Watafiti wamelichunguza jambo hili hapa hapa Jozani na kuliandika mwaka 1997. Ndizi mbivu tumbo lao haliziwezi, wao ni watu wa majani na matunda mabichi. Alipomaliza akamgeukia shemeji, sauti ya ukali:

"Lakini kaka, si ruhusa kuwalisha wanyama."

"Nawalisha?" shemeji akasema. "Nnaibiwa!"

Wageni wakaomba watafsiriwe.

Tuliporudi polo lilikuwa na vumbi na vipande vya kupikia yai moja. Zile ndizi nazo hazikuwepo. Tulipokuwa tunabishana na mtembeza wageni walipita kima wengine, wale wa kijivu, ambao tumbo lao halina masharti. Shangazi alikuwa amekaa kizingitini, anacheka mpaka kanga imemteleza.

"Mie kuku nawaacha nje," akasema. "Mkaa nautia kufuli."

Na kweli, akatuonesha: mlango wa stoo, kufuli kubwa la shaba. Hakutupa hata kipande, ila vifuu vya nazi alikuwa navyo tele nyuma ya nyumba, tukajaza polo. Vifuu vina moto mkali, tatizo vinakwisha upesi, mtu mmoja lazima akae na kazi ya kuchochea. Nilishajua atakuwa nani.

Simu ikalia. Mshika fedha wa kundi.

"Mko wapi? Samaki tumeshawapaka viungo, mkaa uko wapi?"

"Umeliwa," nikasema.

Kimya kidogo.

"Umeliwa na nani?"

"Na kima."

"Sikiliza. Kama mmeuuza semeni mmeuuza, hesabu zifungwe. Mwezi mtukufu huo unakuja."

Nikaona haina faida kuapa, nikampa simu shangazi, mtu mzima, asitiwe shakani. Akaishika mbali na sikio, akasema kwa nguvu:

"Kweli mwanangu, wameula, nimeona kwa macho yangu. Na mwambieni huyo aliyewauzia, mkaa wake mzuri. Wa mwezi uliopita waliutema."