DMARC ikiishia p=none, domeni ya kampuni bado iko wazi

Kuna ubishi hauishi kwa watu wa IT, kwamba ukishaweka DMARC (kanuni ya kukagua imeli zinazodai zimetoka kwenu) kwenye domeni ya kampuni, yaani lile jina baada ya @, uiache tu p=none (feki iachwe ipite) au upande mpaka p=reject (feki ikataliwe). Wanaotaka kupanda wanaonekana wasumbufu wanaotaka kukata imeli za ofisi, na mi naona watu hawajawaelewa kabisa.

Kwa tapeli, kuandika jina la domeni yako kwenye sehemu ya mtumaji hakuhitaji kuhaki kitu wala kujua pasiwedi ya mtu. SPF inataja seva zinazoruhusiwa kutuma, DKIM inaweka sahihi, ila DMARC ndo inaangalia kama hizo zinaendana na lile jina ambalo mhasibu wa mteja wako analiona kwenye skrini, halafu inamwelekeza anayepokea afanyeje. Sasa p=none inamwambia asifanye kitu, yaani feki inagundulika, inaandikwa kwenye ripoti, na ikivuka filta za spamu inaingia kama kawaida. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanadai DMARC kwa wanaotuma imeli kwa wingi, kampuni kibao zikabandika p=none maana ndo kiwango cha chini kinachokubalika, kazi ikaishia hapo.

FBI walipokea malalamiko 21,442 ya utapeli wa imeli za kibiashara mwaka 2024, hasara kama dola bilioni 2.77. Gawanya uone, ni kama dola 129,000 kwa kila lalamiko! Hiyo kwa biashara ndogo ni kufunga duka, na hao ni waliolalamika tu.

Wapinzani watasema humo kuna waliopigwa kwa domeni za kufanana na kwa akaunti zilizohakiwa, na hapo DMARC haisaidii. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba reject ya haraka inaua imeli halali, SPF ina kikomo cha kutafuta kwenye DNS (daftari la majina ya domeni mtandaoni) mara 10 na kampuni yenye mfumo wa mishahara, wa masoko na wa ankara inakifikia mapema tu, na Yahoo walipoweka reject Aprili 2014 makundi mengi ya imeli yalivurugika. Ila hizo ni sababu za kwenda taratibu, usome ripoti, upite quarantine (feki ipelekwe spamu) kwanza. Serikali ya Marekani Oktoba 2017 ilizipa taasisi zake mwaka mmoja zifike reject, na zina mifumo mingi kuliko kampuni yako.

Kinachoniuma ni kwamba imeli halali ikikatika bosi anapiga simu siku hiyohiyo, lakini ankara feki yenye jina lenu inaenda kwa mteja, ninyi hamuioni, mnakuja kujua hela ishaingia akaunti nyingine.

Na zile domeni mlizonunua zikakaa tu, hazitumi imeli hata moja, hizo hazina hata cha kusubiri. Wekeni reject leo.